Mwalimu Anayejisaidia

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitajwi hapa, kwa sababu wakati hadithi hii inaandikwa jina lenyewe lilikuwa limepelekwa kwenye kamati. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina redio, ina mito miwili inayojulikana na mmoja ambao bado unachunguzwa. Na katika vyote inavyovipenda, hakuna inachokipenda kuliko watoto wadogo. Kila hotuba huanza na watoto na kuishia na watoto, na katikati yake mheshimiwa humnyanyua mtoto wa karibu apigwe naye picha, kisha humrudisha upesi kabla hajaloweshwa.

"Hawa," husema, "ndio Taifa la Kesho."

Taifa la Kesho, kwa upande wa mtaa wa Kisimani, lilikuwa na raia themanini na saba, na lote lilikaa katika chumba kimoja cha Shule ya Msingi Kisimani, chini ya Mwalimu Sikitu Ndelwa.

Mwalimu Sikitu alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na moja, mwenye sauti ya chini. Hakuzaliwa nayo. Aligundua katika mwaka wake wa tatu wa kufundisha chekechea kwamba ukipaza sauti, watoto nao hupaza, na wao ni wengi. Mambo mengi ya kazi yake aliyagundua hivyo, mwenyewe, moja baada ya jingine, akayaandika kwenye daftari. Mtoto anayenyamaza ghafla ana kitu mdomoni. Mtoto anayecheka peke yake ana kitu mfukoni. Ugomvi wa "Mwalimu, huyu ananitazama" hutulia ukiwaambia wote wawili watazame dirishani.

Jambo moja tu hakuwa ameligundua, nalo ni namna ya kwenda chooni.

Choo cha walimu kilikuwa ng'ambo ya uwanja. Kwenda na kurudi ni dakika nne, kwa mtu anayetembea haraka na asiyesalimiana na watu. Alijaribu mara moja. Aliporudi alikuta chaki nne zimeliwa, punje ya hindi imezama puani mwa mtoto aitwaye Shukurani, na watoto kumi na mmoja wamekwenda nyumbani, wawili kati yao nyumbani kwa watu wengine. Tangu siku hiyo akajiwekea utaratibu: hakuna tone la maji kuanzia alfajiri hadi mtoto wa mwisho aondoke saa saba. Watoto wenyewe walikuwa huru kabisa. Kila baada ya dakika mbili mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, naomba kwenda chooni," naye akasema, "Nenda, mwanangu," kwa sauti ambayo mtu makini angesikia ndani yake wivu kidogo.

Katika mwaka wa kumi na nne mwili ulikataa. Homa ilikuja, ikaondoka, ikarudi na maumivu ya kiuno. Tabibu wa zahanati, Bwana Mwakitwange, aliyatazama majibu ya vipimo kwa muda mrefu.

"Mwalimu, unakunywa maji?"

"Jumamosi na Jumapili."

Tabibu aliweka kalamu mezani. "Hii ni mara ya nne mwaka huu. Vidonge nitakupa, lakini vinachoka. Ugonjwa huu ukipanda kwenye figo, mimi na wewe tutakuwa na mazungumzo mengine, na sitayapenda. Dawa zako ni mbili tu. Kunywa maji, na ukibanwa, nenda."

"Hiyo ya kwanza naiweza," alisema Mwalimu Sikitu. "Hiyo ya pili inapatikana duka gani?"

Alirudi nyumbani akaandika barua kwa ofisi ya wilaya. Alikuwa mtu wa malezi, na aliona haya kuweka neno tupu mbele ya serikali, kwa hiyo akatumia lile la adabu. Barua yenyewe ilikuwa fupi: *Darasa langu lina watoto themanini na saba na mtu mzima mmoja. Kwa ushauri wa tabibu, naomba nipewe msaidizi ili nipate kujisaidia.*

Aliisoma mara tatu asione kosa. Na kweli, kosa halikuwemo. Kilichokuwemo ni adabu.

*

Jibu lilikuja baada ya wiki saba, likiwa na mihuri minne.

*Ofisi imeisoma barua yako kwa makini na kubaini kwamba inajipinga yenyewe. Unaomba msaidizi, na katika sentensi hiyo hiyo unasema unataka kujisaidia. Mtumishi anayejisaidia hahitaji msaidizi, na mtumishi mwenye msaidizi hawezi kusemwa kuwa anajisaidia. Hata hivyo, ofisi imeguswa. Wakati huu ambapo watumishi wengi wanangoja serikali iwafanyie kila kitu, ni nadra kumpata mwalimu mwenye shauku ya kujisaidia mwenyewe. Endelea kujisaidia. Wahimize na wenzako. Ofisi itafika kukutambua rasmi.*

Mwalimu Mkuu, Bwana Mkude, aliisoma barua hiyo akiwa amesimama.

"Umepongezwa," alisema.

"Nimeona, Mkuu."

"Mimi huu ni mwaka wa kumi na tisa, sijapongezwa."

"Mkuu, hawakunielewa."

"Hilo liache kama lilivyo," alisema Bwana Mkude, akiikunja karatasi vizuri. "Ofisi ikikuelewa vibaya kwa wema, usiisahihishe. Siku ikikuelewa sawasawa ndipo utakapoandikiwa barua ya onyo."

Ofisi ilifika kama ilivyoahidi. Ilifika katika umbo la Bwana Utenga, Afisa Ustawi wa Walimu wa Awali, kijana mwenye viatu vinavyong'aa na gari lililobeba bango la turubai la mita sita. Bango lilitundikwa juu ya mlango wa chekechea, likiitazama barabara, kwa herufi nyekundu: HAPA YUPO MWALIMU ANAYEJISAIDIA.

Msomaji asidhani kwamba ofisi ya wilaya ilikosa mtu wa kuliona neno hilo vizuri. Bango lilipita meza tano. Katika kila meza ofisa aliliangalia, akahisi kitu, kisha akaona saini ya meza iliyotangulia na kuridhika kwamba huko wameshafikiri. Waendesha bodaboda walipunguza mwendo. Bibi mmoja aliyebeba mchicha alisimama mlangoni, akasoma herufi kwa herufi, akachungulia ndani na kuuliza kwa upole, "Humu humu, mbele ya watoto?" Bi Chausiku, mpishi wa uji wa shule, alicheka hadi uji ukaungua, na siku ile Taifa la Kesho lilikunywa moshi.

Baada ya bango ilifuata Semina ya Ustawi. Ilipangwa ifanyike ukumbini, lakini kwa kuwa mshiriki pekee hakuweza kuwaacha watoto, ilifanyika darasani.

"Ustawi unaanza na pumzi," alisema Bwana Utenga. "Vuta."

Watu themanini na wanane walivuta.

"Shikilia."

Mwalimu Sikitu alishikilia. Katika hilo alikuwa na uzoefu wa miaka kumi na minne.

"Achia taratibu. Sasa, Mwalimu, funga macho. Sikiliza mwili wako. Unakuambia nini?"

"Unaniambia niende."

"Uende wapi?"

"Ng'ambo ya uwanja."

Bwana Utenga alitikisa kichwa kwa kuguswa, akaandika: *Mshiriki ana ndoto za kusafiri.* Hakuweza kuandika zaidi, maana mtoto mmoja alikuwa ameanza kumfungua kamba za viatu na mwingine kuzifunga pamoja.

*

Kabla ya kuondoka, Bwana Utenga aliacha fomu ya kurasa kumi na nne. Swali la tisa liliuliza: *Eleza kwa kifupi, kazini unafanya nini hasa?* Mwalimu Sikitu hakupenda kujibu swali kabla ya kulifikiria. Alifikiri siku mbili, kisha akaandika jambo ambalo aliliamini kuliko yote aliyoyagundua: *Nacheza na watoto. Kwa umri wao, kucheza ndiko kujifunza.*

Ilikuwa sentensi ya kweli, bahati mbaya ilikuwa ndefu. Kisanduku cha swali la tisa kilitosha maneno matatu, na kompyuta ya wizara ilichukua yaliyomo ndani ya kisanduku tu.

Wizara ya Elimu ya nchi ile ilikuwa kwa muda mrefu ikitafuta namna ya kupunguza mzigo wa walimu, hususan kwa kupunguza walimu. Katibu Mkuu wake alisifika kwa Kiswahili chake. Alipoletewa fomu aliisoma mara moja, akavua miwani.

"Anayefundisha ni nani?" aliwauliza wasaidizi wake.

"Mwalimu, Mzee."

"Na anayecheza?"

Wasaidizi walitazamana. "Mchezaji, Mzee."

"Lugha yetu ni tajiri," alisema Katibu Mkuu. "Tuitumie."

Tarehe mosi ya mwezi uliofuata, walimu wote wa chekechea wa nchi nzima, elfu kumi na moja mia nne na kumi na wawili, walihamishiwa Wizara ya Michezo. Mwalimu Sikitu alipokea kitambulisho kipya: NDELWA, SIKITU. MCHEZAJI. NAFASI: KIUNGO. Alikishika kwa muda. Neno lililofutwa lilikuwa neno ambalo watu wa Kisimani walimwita sokoni, msibani, hata wale ambao hawakujua jina lake la pili.

"Kiungo mkabaji au mshambuliaji?" aliuliza Bi Chausiku, akichungulia begani kwake.

"Hawakuandika."

"Kwa mwendo wako huo, mkabaji. Usikubali wakupeleke mbele."

Pamoja na kitambulisho lilikuja boksi lenye jezi namba nane, soksi ndefu na Kitabu cha Kanuni. Katika shule nyingine walimu walilia, na wengine waligeuza jezi kuwa vifutio vya ubao. Mwalimu Sikitu hakuwa mwepesi wa kukasirikia kitu ambacho hajakisoma. Alianza ukurasa wa kwanza, akaenda mstari kwa mstari, na siku ya sita akafika kanuni ya kumi na saba.

*Mchezaji atakayelazimika kutoka uwanjani kwa sababu yoyote atabadilishwa papo hapo na mchezaji wa akiba. Timu isiyo na mchezaji wa akiba benchini haitaruhusiwa kuanza mchezo.*

Aliirudia. Akaipigia mstari kwa rula. Kisha akaandika barua ya pili, safari hii bila adabu nyingi: *Naomba mchezaji wangu wa akiba.*

Jibu lilifika baada ya siku tatu, kwa pikipiki, likiwa na salamu za pole. Waziri wa Michezo alikuwa amesikitika kusikia kwamba mchezaji wa taifa amekuwa akishuka uwanjani bila akiba. Timu za nchi ile hazikuwa zimeshinda mechi kwa miaka ishirini na miwili, na kwa sababu hiyo wachezaji walitunzwa kama mayai.

Mwalimu Sikitu alimpendekeza Bi Chausiku, ambaye uji wake ulikuwa umekwisha kugawiwa kufikia saa tatu. Wizara ilimtuma Kocha Sembuli, golikipa wa zamani mwenye viganja vipana, aje kumsajili.

"Umri?" aliuliza Kocha.

"Wa kuzaa umepita, wa kufa bado."

"Unatumia mguu gani?"

"Yote miwili. Kwa zamu."

"Uzoefu?"

"Nimelea wangu saba na wanne wa marehemu dada yangu."

Kocha Sembuli aliinua kalamu. "Hiyo ni ligi gani?"

"Ya nyumbani, mwanangu."

Akaandika: *Ligi ya Nyumbani, misimu kumi na moja.* Na kwa kuwa alikuwa mtu mwadilifu, akaongeza: *Hajawahi kupewa kadi.*

Benchi liliwekwa chini ya dirisha. Mwalimu Sikitu alipobanwa alikwenda mlangoni, Bi Chausiku akainua kibao chenye namba nane, wakagusana viganja kama kanuni ilivyotaka, na watoto wakapiga makofi. Dakika nne baadaye walifanya tena, kwa upande wa pili. Mwalimu Sikitu akaanza kunywa maji, kwanza kwa woga, kisha bila woga.

"Mwalimu," alisema tabibu mwezi wa pili, akigeuza karatasi ya vipimo kutafuta kama kuna kitu nyuma yake, "umefanya nini?"

"Nimebadilishwa."

Jambo lingine lilitokea ambalo halikuwa kwenye kanuni. Bi Chausiku hakuwa mtu wa kukaa benchini bure, na alipokuwa ndani na watoto, Mwalimu Sikitu alipata kitu alichokuwa hajawahi kuwa nacho, yaani dakika kumi na mtoto mmoja. Alikaa na Mwanahawa, msichana ambaye tangu Januari hakuwa amejibu swali hata moja, na ambaye kwenye daftari alikuwa ameandikwa *mpole*. Alimnong'oneza upande wa kushoto, kimya. Akamnong'oneza upande wa kulia, Mwanahawa akageuka na kusema, "Nataka kalamu nyekundu." Mwalimu Sikitu alichukua daftari, akafuta neno *mpole*, akaandika *sikio la kushoto*. Alikaa akitazama ukurasa, akijaribu kuwakumbuka wapole wa miaka mingine.

*

Mwisho wa msimu, Bunge la nchi ile liliuliza swali. Wizara ya Michezo ilikuwa na wachezaji wapya zaidi ya elfu kumi na moja. Je, walikuwa wamefunga mabao mangapi? Waziri wa Michezo aliomba muda wa kuhesabu. Wakati huo huo Waziri wa Elimu alisikia kwamba walimu wa zamani wa wizara yake wanatembea wakiwa na afya, jambo ambalo halikuwahi kutokea chini yake, akataka warudishwe ili sifa zirudi nao. Mawaziri wawili walitofautiana redioni. Iliundwa Kamati ya Waheshimiwa Sita itakayoamua, mara moja na kwa wakati wote, kama mtu wa chekechea ni mwalimu au mchezaji. Na ili kamati isiingiliwe katika kazi yake, wachezaji wote wa akiba walisimamishwa hadi uamuzi utoke.

Bi Chausiku aliamriwa kukaa hatua hamsini kutoka mlangoni. Alizihesabu, akaweka kigoda chake kwenye hatua ya hamsini, akakaa kuutazama mlango.

Mwalimu Sikitu alirudi kwenye utaratibu wa zamani. Katika wiki ya tatu homa ilirudi, na maumivu yalikuwa yamehama kutoka kiunoni yakapanda mbavuni. Tabibu hakumtania.

"Ni kwenye figo sasa. Nakupa dawa ya siku kumi," alisema. "Ndani ya siku hizo ukiendelea kujibana, nakuandikia hospitali ya rufaa, na huko sijui watakuambia nini."

Siku ya tisa ya dawa, Kamati ilitangaza kwamba inaanzia Kisimani.

"Watakuuliza wewe ni nani," Bwana Mkude alimwonya. "Fikiri vizuri. Kuna cheo hapo."

"Sema mchezaji," alisema Bi Chausiku, Mwalimu alipomfuata kwenye kigoda. "Unalia nini na cheo? Cheo hakibanwi na mkojo. Unayebanwa ni wewe."

"Watoto wataniita nani?"

"Watakuita hivyo hivyo. Wale hawajui kusoma kitambulisho."

"Lakini mimi najua kusoma," alisema Mwalimu Sikitu.

Waheshimiwa walifika saa nne, jua likiwa limeshapasha bati. Chekechea haikuwa na kiti cha mtu mzima, kwa hiyo walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yao yakiwa usawa wa masikio. Itifaki ilidai kila mheshimiwa awekewe maji, na kwenye meza ndogo zilipangwa chupa kumi na mbili. Mwenyekiti, Mheshimiwa Ruhinda Madoido, mtu mkubwa mwenye suti ya rangi ya maziwa, alimaliza ya kwanza kabla ya kuanza kuhutubia na ya pili katikati ya hotuba.

"Taifa lolote," alisema, "linapimwa kwa namna linavyomjali yule anayemjali yule ambaye kesho atamjali yule anayejali leo." Alingoja makofi. Watoto, ambao walikuwa wamezoea kupiga makofi mtu anapotoka, walimtazama waone kama anatoka. Alikunywa chupa ya tatu.

"Sasa," alisema, "Kamati inataka jibu moja. Je, wewe ni mwalimu au ni mchezaji? Ukisema mwalimu, utarudishiwa cheo chako chenye heshima pamoja na mazingira yake yote ya awali. Ukisema mchezaji, utabaki na wako wa akiba, lakini hutaitwa mwalimu tena na mtu yeyote, hawa watoto wakiwemo. Fomu ina visanduku viwili. Kamati inakusikiliza."

Mtoto mmoja wa mbele, akidhani mgeni amesahau, alimwambia kwa nia ya kumsaidia, "Huyo ni Mwalimu."

Mwalimu Sikitu alisimama. Kwenye daftari alikuwa na jibu la kurasa tatu, alilolipanga usiku wa siku nne, lenye utangulizi. Lakini alipofungua mdomo aligundua kwamba mwili wake ulikuwa na jibu fupi zaidi.

"Mheshimiwa, nitajibu. Kwanza nakwenda chooni."

Katibu wa kamati aliinua uso. "Tuandike amekwenda kujisaidia?"

"Hapana," alisema Mwalimu Sikitu. "Neno hilo limeshanitesa. Andika chooni."

"Na watoto?" aliuliza Mwenyekiti.

"Nyinyi ni sita, Mheshimiwa. Mimi huwa peke yangu."

Akatoka. Alivuka uwanja taratibu, akimsalimia kila aliyemkuta na kuuliza habari za nyumbani, na aliporudi alisimama kidogo kwa Bi Chausiku kwenye hatua ya hamsini. Kwa jumla zilikuwa dakika kumi na nne.

Yaliyotokea ndani hayajulikani yote, kwa kuwa muhtasari wa kikao uliliwa kuanzia ukurasa wa pili. Inajulikana kwamba katika dakika ya tatu mjumbe wa kwanza alitoka kupokea simu, na wa pili akatoka kuona kama wa kwanza amemaliza. Wa tatu alimfuata mtoto aliyekuwa anaelekea barabarani. Mtoto alirudi, mjumbe hakurudi. Wa nne na Katibu waligundua kwamba akidi imevunjika, wakaondoka kwa mujibu wa kanuni.

Mwalimu Sikitu alimkuta Mwenyekiti amesimama katikati ya chumba. Begani alikuwa amelaliwa na msichana mmoja, usingizi mzito, na ute ukishuka kwenye suti ya rangi ya maziwa. Wawili walikuwa wameshika suruali yake, mmoja kila upande. Shukurani alikuwa na kitu puani. Mheshimiwa alikuwa ameshajaribu kupaza sauti, na alikuwa ameshajibiwa. Sasa alinong'ona, miguu yake ikiwa imepishana.

"Mwalimu."

"Naam, Mheshimiwa."

"Nani ananipokea?"

"Bado sijajibu swali la Kamati."

"Liache swali. Nimebanwa."

Mwalimu Sikitu hakucheka. Alimtazama kama alivyowatazama wote waliowahi kumwambia neno hilo katika chumba kile.

"Nakupokea sasa hivi," alisema. "Ila nikishakupokea, Mheshimiwa, mimi atanipokea nani?"

Mheshimiwa Madoido alifungua mdomo kutoa hotuba. Haikuja. Inaaminika kwamba ilikuwa mara ya kwanza.

Mwalimu aliichukua fomu sakafuni, akaipangusa uji. "Visanduku ni viwili," alisema. "Naomba uchore cha tatu."

Kalamu ya Kamati ilikuwa imeshatafunwa. Mwenyekiti alipewa kalamu ya rangi ya zambarau, na kwa mkono mmoja, juu ya kichwa cha mtoto aliyekuwa karibu, alichora kisanduku cha tatu kilichopinda, akaandika ndani yake *mtu mzima wa pili*, akatia saini. Mwalimu Sikitu aliisoma saini yote, bila haraka, kisha akampokea yule msichana begani, na akaigandua mikono ya wale wawili kidole kwa kidole. Mheshimiwa alivuka uwanja bila kumsalimia mtu. Wanaojua mambo wanasema ilikuwa rekodi ya taifa, lakini haikuandikwa kwa kuwa hakuwa mchezaji aliyesajiliwa.

*

Taarifa ya Kamati ilitoka baada ya mwezi, kurasa mia na sitini. Suala la kama mtu wa chekechea ni mwalimu au mchezaji lilionekana kuwa zito, likapelekwa kwenye kamati ndogo, ambako lipo mpaka leo. Kwa hiyo vitambulisho havikubadilishwa, na watu wa Kisimani waliendelea kumwita Mwalimu bila kuvunja sheria yoyote iliyokwisha kupitishwa. Lakini katika ukurasa wa mia na kumi na tano kulikuwa na aya moja yenye nguvu ya amri:

*Ili kulinda usalama na heshima ya viongozi wanaozuru madarasa ya awali, kila darasa litakuwa na mtu mzima wa pili kila siku ya masomo, saa zote, kwa kuwa ujio wa kiongozi hautabiriki.*

Mwalimu Sikitu aliisoma aya hiyo mara mbili kwa sauti, Bi Chausiku akiwa amesimama mlangoni, kigoda chake mkononi.

"Kwa hiyo si kwa ajili yako," alisema Bi Chausiku.

"Si kwa ajili yangu."

"Wala ya watoto."

"Watoto hawakutajwa."

"Basi mimi humu ndani ni nani? Mpishi, mchezaji wa akiba, au mlinzi wa waheshimiwa? Niambie nijue namna ya kukaa."

Mwalimu Sikitu aliifikiria hiyo kwa muda wake, kama alivyofikiria mambo yote. Kisha akasimama na kumkabidhi mtoto aliyekuwa anang'ang'ania sketi yake.

"Ni mtu wa pili," alisema. "Shika huyu. Natoka kidogo."